Bi Maisara Aliyetaka Kukaa Kitako

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyewawekea waja wake kazi na akawawekea pia mapumziko. Assalaam alaykum, mashekhe wetu, wazee wetu, ndugu na majirani, nanyi mama zetu na dada zetu mlioko ndani nyuma ya pazia na mnaoisikia sauti hii. Kisomo kimekwisha na dua imeitikiwa, Mungu aipokee, na sasa familia inawaomba msikilize maisha ya marehemu Bi Maisara binti Abdulwahid Kheir, tuliyemzika Matemwe juzi Alkhamisi. Anayesoma maneno haya ni mumewe, Miraji Hamid, ambaye hakusoma sana na husema polepole, naye humu atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, kwa sababu habari hii si yake, ni ya mkewe, na mkewe katika miaka yake ya mwisho alikuwa na ombi moja tu kwetu sote, nalo ni kuachwa akae kitako.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Mji Mkongwe, mtaa wa Kiponda, katika nyumba hii hii mliyokaa, chumba cha juu kinachotazama ua. Baba yake, Mzee Abdulwahid, alikuwa fundi cherehani, na mama yake alikuwa Bi Zuwena, ambaye wengi wenu mnamkumbuka. Walizaliwa watoto wawili, yeye na mdogo wake Radhiya, aliyemfuata kwa miaka mitano. Mzee Abdulwahid alifariki mwaka 1973, Maisara akiwa na miaka kumi na moja, na Bi Zuwena akatoa karai lake mlangoni akaanza kukaanga bajia za kunde, na aliyezisaga kunde zile kwenye jiwe, kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani na baada ya kurudi, alikuwa Maisara.

Alihitimu msahafu akiwa na miaka kumi na mbili, akasoma skuli za hapa mjini hadi kidato cha tatu mwaka 1978, na hakuacha skuli kwa kushindwa masomo, aliacha kwa sababu mikono ya mama yake ilianza kuvimba viungo na karai halikuweza kungoja. Radhiya yeye aliendelea, akafika chuo cha ualimu, akawa mwalimu anayeheshimika, na viatu vyake, madaftari yake na sare zake vilitoka katika mafuta yale. Haya yanasemwa si kwa kumsimanga mtu, yanasemwa kwa kuwa ni historia, na historia ikisomwa nusu huwa ni uongo.

Kazi ya kupika shughuli aliianza mwaka 1985, siku mpishi wa harusi moja ya mtaa wa pili alipoanguka kwa homa, mchele ushaoshwa na nyama ishakatwa, na watu wakakimbilia mlangoni kwa Bi Zuwena kuuliza kama ana mtu. Maisara alikwenda na kanga zake mbili na mwiko wa mama yake, akapika pilau ya watu mia tatu ambayo hakuwahi kuipika maishani mwake, na ilipopakuliwa bwana harusi mwenyewe alituma mtu jikoni kuuliza ni nani huyu. Tangu siku hiyo hakukaa tena.

Tarehe 18 Oktoba 1986 aliolewa na Miraji Hamid wa Matemwe, aliyekuwa karani bandarini, na wanaokumbuka harusi ile wanajua kwamba bi harusi, akiwa na hina mbichi mikononi, aliomba aletewe kijiko cha mchuzi ndani alikofichwa, akaonja, akasema, "Chumvi bado, na mwambieni apunguze moto," na wanawake wakacheka hadi machozi. Miraji naye alicheka alipohadithiwa. Hakujua wakati ule kwamba anaoa mtu ambaye kila mwenye harusi kisiwani atakuwa na haki naye kuliko mumewe.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Nusrat, aliyezaliwa mwaka 1988, na Hamid, aliyezaliwa mwaka 1991, ambaye sasa yuko Maskati na amewahi kufika mazikoni kwa taabu. Watoto hawa walilelewa kwa mapenzi, lakini mama yao walimjua zaidi kwa mgongo, kwa sababu uso wake ulikuwa kwenye moto.

Jiko lake lilikua. Lilianza katika ua huu, likachukua nyumba ya jirani, likawa na masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuketi ndani yake, na wanawake wa kukatakata vitunguu, na gari la kubebea. Harusi za Malindi, za Mkunazini, za Shangani, maulidi, hitima, futari za ofisi, na baadaye hoteli moja ya Nungwi iliyotaka biriani kwa wageni wake kila wiki, vyote vilipita mikononi mwake. Mwezi wa Shaaban, watu wanapokimbilia kuoa kabla ya Ramadhani, ilikuwa inafika siku analala juu ya magunia ya mchele. Chakula alikula kwa kusimama, kutoka kwenye mfuniko wa sufuria, na wakati wa kufuturu, aliyewafuturisha mamia alifungua kwa funda la maji na tende moja iliyokaa katika kona ya kanga yake. Sala aliziswali zote, Mungu ni shahidi, lakini Adhuhuri yake iliswaliwa karibu na Alasiri na Magharibi yake ilikutana na Isha, na jambo hili lilimuuma kuliko kuungua, akawa akisema, "Mwenyezi Mungu kanipa mikono miwili, yote miwili nimewapa watu."

Sisi tulimsifu. Tulisema Maisara hachoki. Kila aliyelisema neno hilo alikuwa na harusi karibu.

Bi Zuwena alifariki siku ya Jumamosi tarehe 28 Aprili 2018, asubuhi, katika mwezi huo huo wa Shaaban. Maisara alikuwa Nungwi, katika ua wa watu, na Miraji alijua ni Nungwi tu, hakujua nyumba, kwa sababu wiki ile shughuli zilikuwa zimefuatana hata mkewe hakuwahi kuaga anakwenda wapi. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba umetundikwa kwenye msumari, na ililia, ikalia tena, naye aliisikia. Alidhani ni mwenye harusi anauliza chakula kimefika wapi. Alipoishika hatimaye, wazee walikuwa wameshaamua kwamba maiti haiwekwi, wakazika, na alipofika Kiponda, kanga zake zinanuka moshi na karafuu, godoro la mama yake lilikuwa limeshakunjwa na kuegeshwa ukutani. Hakulia. Aliligusa lile godoro, akauliza, "Alinitaja?" na hakuna aliyemjibu, kwa sababu alikuwa amemtaja.

Baada ya Ramadhani ya mwaka ule alimwita mumewe, ambaye alikuwa ameshastaafu bandarini, akamwambia, "Baba Nusrat, miye nshachoka. Nataka nikae kitako." Miraji akamuuliza ni kwa muda gani, naye akajibu, "Kwa umri uliobaki." Hoteli ya Nungwi ilimpigia, ikaongeza heshima na ikaongeza ahadi, akasema hapana. Wateja wa miaka walikuja mlangoni, akawapa kahawa na akasema hapana. Wanawake wake wa jikoni aliwaachia kazi zile, kila mmoja na mitaa yake. Yale masufuria makubwa hakuyauza, ingawa walikuwepo waliotaka kuyanunua, bali aliyapeleka msikiti wa mtaa huu na kuyatia wakfu mbele ya imamu, akaweka sharti kwa ulimi wake, kwamba yatumiwe na kila mwenye msiba asiye na uwezo, na kwamba yasipikie fahari ya mtu. Imamu yuko hapa, na sharti hilo alilisikia.

Mwezi wa Septemba mwaka 2018 wakahamia Matemwe, kwenye kiwanja cha marehemu Mzee Hamid, baba yake Miraji, nyumba ya vyumba viwili na banda la kuku, mbali kidogo na upande wa mahoteli. Waliishi kwa pensheni ya Miraji, mayai, muhogo na mchicha alioupanda mwenyewe. Walikuwa na seredani moja ya makaa, sufuria mbili, sahani zao na za mgeni. Waliuza gari. Vipande vya sabuni vilivyobaki alivibana pamoja vikawa sabuni nyingine, kanga iliyochakaa ikawa pazia, pazia lililochakaa likawa tambara la kufutia taa. Hakufanya hayo kwa dhiki. Aliyafanya kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe baada ya kukunja za wengine maisha yake yote, polepole, na kwa raha.

Mwanzo mkono wake ulimkatalia. Alikuwa hajui kupika chakula cha watu wawili. Kila akitia mchele sufuria ilifurika, na sahani zikaanza kutembea kwa majirani, hadi jirani wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanakheir, ambaye analima mwani na ana ulimi wake, akamwita kutoka uani, "Bi Maisara, leo tena kaolewa nani?" Walicheka wote wawili, na wakawa marafiki tangu hapo. Ilipita miezi kabla ya siku ile alipopika wali kidogo na kisamvu, wakala yeye na mumewe, hakikubaki kitu na hakuna aliyetamani zaidi, akatoka na sufuria tupu akamwonesha Mwanakheir kama mtu anayeonesha cheti, akasema, "Tazama, dada yangu, nshajua."

Na sala zake zikarudi mahali pake. Hili Miraji anataka mlisikie vizuri. Mwanamke huyu, ambaye miaka thelathini alikuwa akiikimbilia sala, alianza kuingojea. Kabla ya adhana ya Magharibi alikuwa ameshatandika mkeka, ametawadha, amekaa, mikono imetulia mapajani, hana anachofanya. Mumewe alikuwa akimtazama kutoka barazani na akiogopa kupitisha hata kikohozi.

Ndugu zetu wa mjini hawakuliona hilo. Walichoona ni mtu aliyekuwa na gari sasa hana, aliyekuwa na jiko sasa ana seredani. Maneno yakaanza. Wengine walisema Maisara kafulia, wengine walisema karogwa na wapishi wenzake, wengine walisema mume kamficha shamba ale pensheni peke yake na hali Maisara ndiye aliyekuwa akimlisha. Katika Ramadhani ya mwaka 2021, familia ilikubaliana bila ya kumuuliza, ikachangishana, ikaja Matemwe kwa gari mbili, na magunia ya mchele, tambi, sukari na mafuta. Alitoka kuwapokea kwa furaha, akidhani wamekuja kumtembelea. Akaambiwa asimame karibu na gunia. Kijana mmoja wa familia, ambaye hatutamtaja, alikuwa na simu mkononi, akasema, "Inua kidogo, Bi Maisara, uonekane."

Radhiya akamvuta pembeni, akamwambia kwa huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli, "Dada, njaa haifichiki. Sema tu, sisi wako."

Maisara akamjibu, "Njaa nnayo, Radhiya, lakini ni ya usingizi."

Picha ile ilizunguka kwenye simu za ukoo mzima kabla ya magari kufika mjini, na chini yake watu wakaandika Maskini Maisara, Dunia hii, Tumuombeeni. Magunia aliyagawa jioni ile kwa majirani, na usiku alimwambia mumewe neno moja tu, kwamba katika gari mbili hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza kama anaweza kukaa naye kidogo.

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alipelekwa hospitali mjini, akapimwa, akaambiwa ana presha ya muda mrefu na moyo umetanuka, na daktari akamwagiza anywe dawa bila ya kukosa, apunguze chumvi, asinyanyue kizito, asikae karibu na moto wa kuni, na alale usiku. Alicheka njiani. Akasema, "Daktari kaniandikia Matemwe." Akazidi kupunguza mambo yake, akaacha hata kuku wa kufukuzana nao, na kwa miaka miwili na zaidi, kwa uwezo wa Mungu, hali yake ilikuwa nzuri.

Mwezi wa Januari mwaka huu, 2025, Radhiya alikuja kuleta habari kwamba binti yake, Tahiya, ameposwa na ataolewa Shaaban, na kwamba mkono wa kupika ni wa dada. Maisara alifurahi, alimpenda Tahiya kama Nusrat, akasema, "Mwenyezi Mungu ambariki. Ntakuja kumtia hina kwa mikono yangu. Jikoni siingii." Radhiya akapiga simu wiki iliyofuata, akapata jibu lile lile. Mara ya tatu alikuja na wazee wa ukoo, shangazi wawili na ami, wakakaa kwenye mkeka ule ule aliokuwa akingojea sala, na wakasema kwamba upande wa bwana harusi ni watu wakubwa, kwamba harusi ya mjukuu wa Bi Zuwena haiwezi kupikwa na mtu wa kukodi, kwamba ni siku moja tu. Miraji akawaeleza habari ya moyo. Shangazi mmoja akasema, "Nani asiye na presha siku hizi, mwanangu?" Maisara akabaki na neno lake. Ndipo Radhiya, akilia, akasema, "Mama ulimkosa, dada. Na Tahiya nae umkose?"

Maisara alikuwa ameshika tasbihi. Aliizungusha yote hadi mwisho, akaiweka, akasema, "Ntakuja. Lakini ntakaa kitini, nielekeze tu."

"Kitini, dada," Radhiya akasema, "na feni tutakuwekea."

Harusi ilikuwa siku ya Ijumaa tarehe 7 Februari, katika ua huu huu, na kuni ziliwashwa tangu Alkhamisi usiku. Kiti kiliwekwa, cheupe, cha plastiki, na feni ikawekwa, hayo ni kweli na familia inayashuhudia. Lakini mpishi aliyekodiwa alichelewa, na upande wa bwana harusi ukatuma salamu kwamba watu wao wameongezeka, na sufuria mbili zikawa nne, na wale wanawake wakawa wanauliza moto vipi, bizari vipi, nazi ngapi, na Maisara akainuka mara ya kwanza kuonesha, akainuka mara ya pili kuonja, na mara ya tatu hakurudi kukaa. Kile kiti kikawekewa masinia.

Miraji aliingia uani Alkhamisi usiku, akaingia tena Ijumaa asubuhi, akamkuta yuko juu ya moto na mwiko kwa mikono miwili, uso umekuwa rangi ya majivu. Akamwambia, "Mama Nusrat, twende zetu." Akajibu bila kugeuka, "Wali haujakauka, Baba Nusrat. Nikiondoka saa hii utaungua, na lawama ni yangu." Miraji akawageukia waliokuwepo, akawaomba. Wakamwambia atulie, ni shughuli, kila kitu kitakwisha salama.

Kilikwisha salama. Biriani ile ilisifiwa mji mzima, watu walisema haijapikwa mfano wake, na wengi mlioko hapa leo, wanaume kwa wanawake, mliila, mkaomba mfungashiwe. Aliyeipika hakuila. Alikuwa amelala chumba cha juu, chumba alichozaliwa, miguu imevimba hata viatu havikuingia, na walioingia kumwona walimwambia, "Hongera, Bi Maisara, bado mkono uko pale pale," wakateremka.

Jumapili mumewe alimrudisha Matemwe. Jumatano hakuweza kulala chali, na tarehe 13 Februari akalazwa hospitali hapa mjini. Madaktari walifanya juhudi yote. Alikuwa na akili zake hadi mwisho, na mbele ya Nusrat na Bi Mwanakheir, aliyekuja kutoka Matemwe na mwani bado kwenye kucha zake, alitoa wasia wake kwa ulimi, akasema, "Mnizike Matemwe. Hitima yangu iwe kahawa na tende. Asiungue mtu kwa ajili yangu." Alikariri mara mbili, na akamtaka Nusrat alirudie ili ahakikishe amelisikia.

Alfajiri ya Alkhamisi, tarehe 20 Februari 2025, adhana ilipokwisha, alimwomba Nusrat amwinue. Nusrat akadhani anataka maji, akamletea, mama yake akatikisa kichwa, akasema, "Niinue nikae." Binti yake akamwinua, akamwegemeza kifuani kwake, akakaa, na akiwa amekaa hivyo, akitamka shahada, roho yake ikatoka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, ikibakia kidogo kutimiza sitini na mitatu. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Sisi ni Waislamu, na hatusemi kwamba mtu amekufa kabla ya siku yake. Siku yake ilikuwa kwa Mola wake, imeandikwa, na hakuna harusi inayoisogeza mbele wala nyuma. Lakini uchovu wake haukushuka kutoka mbinguni. Ule ulitoka kwetu, tulimpa wenyewe kwa mikono yetu, kwa mapenzi na kwa bashasha, na Miraji anaomba kila mtu aondoke hapa na sehemu yake.

Limebaki jambo moja, nalo linasemwa hadharani ili lawama isimfikie mtu mwingine. Asubuhi ya leo Miraji alipofika kutoka Matemwe, alikuta ua huu umefagiliwa, kuni zimepangwa, na masufuria sita yamefunuliwa yanasuguliwa majivu. Aliyatambua kwa mbali. Yalikuwa yale yale, ya wakfu, yametolewa ghala ya msikiti kwa jina la msiba wa Maisara. Radhiya akamwambia, "Shemeji, watu wanatoka mbali. Utawarejesha na kikombe cha kahawa? Watasema dada yangu kafa maskini."

Miraji akamwambia, "Waache waseme. Walisema akiwa hai, na maneno hayakumuunguza. Zilizomuunguza ni kuni."

Basi yakapakiwa kwenye mkokoteni yakarejeshwa msikitini, na mchele utapelekwa kwa wanaouhitaji, bila ya picha. Hivyo, ndugu zetu, wale ambao pua zenu zimekuwa zikitafuta harufu tangu kisomo kuanza, tunawaomba radhi, hakuna sufuria iliyotiwa motoni nyumba hii leo. Ipo kahawa, na zipo tende, na ndiyo karamu ya kwanza katika ua huu ambayo Maisara hakusimama kwa ajili yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa yule daktari aliyemwambia ukweli miaka miwili na nusu iliyopita, ukweli ambao mgonjwa aliukubali na ndugu zake hawakuukubali. Inawashukuru majirani wa Matemwe, walioacha mwani na nyavu wakaja kuchimba kaburi, na Bi Mwanakheir, aliyekuwa akija kukaa naye bila ya kutaka kupikiwa kitu. Inamshukuru Bwana Yusufali wa duka la mchele la mtaa huu, ambaye marehemu alipoacha kazi alipoteza mteja wake mkubwa kuliko wote, na bado ndiye peke yake aliyempelekea ujumbe wa kumwambia, "Umefanya vizuri, dada, pumzika." Inawashukuru wanawake wote waliopika naye, na inawaomba, Shaaban hii bado haijesha, mtu akikwambieni hamchoki, mwambieni mnachoka.

Tunamshukuru pia Tahiya, ambaye hana kosa, aliyeacha fungate yake akaja hospitali kumkanda mama yake mkubwa miguu.

Ewe Mola, umsamehe Maisara sala alizozichelewesha kwa ajili yetu, na sisi utusamehe tuliomchelewesha. Mpanulie kaburi lake na umpe kivuli kisicho na moshi.

Pumzika, Maisara, kwa ile amani tuliyokunyima. Kaa kitako, Mama Nusrat. Hapana anayekuita jikoni.